Kabla hujamwacha mzee wako kituoni, mwangalie yule asiye na wageni

Shangazi yangu alikaa kituo cha wazee miaka yake ya mwisho, vituo viwili kwa kweli maana cha kwanza tulimtoa, na tangu hapo mimi ndo nimegeuka mtu wa kuitwa kila ndugu au rafiki akitaka kumpeleka mzazi. "Twende ukaniangalizie." Basi naenda. Sio nesi, sio daktari, ni mtu tu aliyeshinda kwenye zile korido muda mrefu mpaka macho yakazoea.

Swali ni lile lile kila mara, hiki kituo kizuri au kibaya, na mimi siwezi kulijibu nikiwa nimesimama mapokezi. Mapokezi yote mazuri. Kuna maua, kuna picha za wazee wanacheka, kuna dada mchangamfu anakukaribisha kiti, halafu meneja anakutembeza njia aliyoichagua yeye, kile chumba kilichopakwa rangi juzi, ukumbi wa mazoezi, bustani. Sisemi ni waongo, hata mimi mgeni akija nafagia sebule kwanza. Ila mzee wako hatalala mapokezi.

Mimi naanza na usiku. Mchana wa katikati ya wiki daktari yupo, mtu wa mazoezi ya viungo yupo, meneja yupo, stafu wanapishana mlangoni. Jumapili jioni ndo unajua nani hasa anafanya kazi pale, kwa hiyo naomba kurudi mwenyewe ile saa ya chakula cha usiku nikae mpaka watu wanapolazwa. Kituo kinachokataa kabisa usije jioni kimeshakujibu. Na ukiuliza "mna stafu wangapi" utapewa namba ya jumla, humo kuna mpishi, kuna mtu wa bustani, kuna mhasibu. Uliza hivi: usiku wa leo, kwenye korido hii, mhudumu mmoja ana wazee wangapi, na kati yao wangapi hawawezi kujigeuza wenyewe kitandani?

Ukishapata namba piga hesabu hapo hapo kichwani. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza, kumbadilisha pampasi, kumpangusa, kumkausha, kumpaka mafuta, kumuegemeza na mito ili asirudi alikotoka, ukikimbia sana ni dakika kumi, na wengi wanataka watu wawili wa kuwashika. Kama mhudumu mmoja ana wazee kumi wa hivyo ni zaidi ya saa na nusu bila kupumzika, hapo hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeamka akilia anamtafuta mumewe aliyekufa zamani. Akimaliza wa mwisho yule wa kwanza zamu yake imeshafika tena. Yani hata awe na roho nzuri namna gani hawezi, ataruka watu, na atawaruka wale wasiopiga kelele.

Marekani wana mfumo wa nyota, serikali inavipa vituo nyota moja mpaka tano tangu 2008, na miaka mingi idadi ya stafu ilikuwa ile ambayo kituo kinajiandikia chenyewe. Mwaka 2018 wakahamia kwenye rekodi za mishahara, nani alilipwa kwa masaa mangapi siku gani, na kilichoonekana ni kwamba wikiendi stafu wanapungua sana kuliko vituo vilivyokuwa vinasema. Nikisoma vitu kama hivyo sishangai hata kidogo. Jumapili nimeshaiona.

Kuhusu harufu, watu wengi wanaishia hapo, wakinusa mkojo wanageuza. Mi nasema subiri. Asubuhi wazee wakibadilishwa korido itanuka, ni lazima, ni binadamu. Cha kuangalia ni kama baada ya saa moja harufu imeondoka au bado iko pale pale, imeingia mpaka kwenye makochi na mapazia. Na kile kituo kinachonukia marashi ya kupuliza kuanzia getini mimi kinanitia wasiwasi zaidi.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo.

Shangazi alipata kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala, mkono na mguu, na kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Hakuwa na mtoto wa kuzaa, sisi watoto wa kaka zake ndo tulikuwa wanawe. Kituo cha pili alichokaa kulikuwa na nesi mmoja mama mtu mzima, wa maneno machache, siku za mwanzo aliniona nakagua kagua uso wa shangazi, nguo, nywele, akaniambia "mwanangu, uso tumeuosha asubuhi, funua miguu." Nikafunua. Akachukua kisigino cha kushoto, akakinyanyua kidogo, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akaniambia mtu mweupe ukibonyeza hapo pekundu panageuka peupe halafu damu inarudi, hapo bado salama, lakini pekundu pakibaki pekundu hata umebonyeza basi chini yake nyama imeanza kuumia. Sisi weusi wekundu hatuuoni, ukisubiri uuone utachelewa. Akanipa visigino vyote viwili, kimoja kila mkono. Nilinganishe. Kimoja kina joto kuliko mwenzake? Kimoja kigumu, au kinabonyea kama nyanya iliyoiva sana? Rangi imeenda kwenye zambarau au weusi uliokolea kuliko pembeni yake? Yeye mwenyewe akiguswa hapo anakunja uso?

Tangu siku hiyo kila nikienda nilikuwa nashika visigino kabla sijakaa. Visigino, mfupa wa mkia, nyonga, viwiko, kisogo, mpaka masikio kwa anayelalia upande mmoja. Vidonda vya kulala vina hatua nne, ya kwanza ngozi haijafunguka bado, ya nne unaona msuli au mfupa. Hicho cha hatua ya nne kabla hakijafika hapo mara nyingi kimepita mbele ya macho ya watu wengi, shifti baada ya shifti. Desturi ya miaka mingi ni kumgeuza mtu kila masaa mawili, siku hizi mwenye godoro zuri anaweza kupangiwa matatu au manne kutegemea hali yake, sio lazima iwe mawili, cha lazima ni kuwe na mpango ulioandikwa wa mtu huyo na ufuatwe. Kuna vipimo kabisa vya kujua nani yuko hatarini, kile cha Norton ni cha Uingereza tangu 1962, na kile cha Braden kinachotumika sehemu nyingi kinahesabu kuanzia 6 mpaka 23, namba ikishuka hatari inapanda, 18 kwenda chini mtu anahesabiwa yuko hatarini. Muulize nesi alama za mzee wako ni ngapi. Kama anajua bila kuchungulia faili nitafurahi sana, kama anachungulia faili na kukuambia sawa pia, kama hajui unaongelea nini hapo ndo unaanza kujiuliza.

Na swali langu ninalolipenda kuliko yote: sa hivi wazee wangapi humu wana vidonda, na wangapi kati yao walivipatia humu humu? Watu hutoka hospitali na vidonda, hilo halimhusu mwenye kituo. Vile vya humu ndani ndo vyake. Niseme pia ili nisiwaonee watu, mtu anayekaribia kufa kabisa ngozi inaweza kufa hata akihudumiwa vizuri sana, mwili unaacha kuipelekea damu. Kwa hiyo kidonda kimoja sio hukumu. Kuficha ndo hukumu.

Maji. Hili nililiona kituo cha kwanza na lilinikera mpaka leo. Kila nikifika nakuta glasi ya maji imejaa juu ya kimeza, safi, imefunikwa, na kwenye karatasi ya kumbukumbu wameandika "amepewa maji", tiki, saini. Midomo ya shangazi imekauka ina magamba. Glasi iko kushoto. Mtu aliyepigwa kiharusi upande ule sio tu mkono haufanyi kazi, wengine hata upande wenyewe kichwani haupo tena, anakula nusu ya sahani anaacha nusu, ukimwongelesha kutoka huko hageuki. Ile glasi kwake haikuwepo duniani. Nikaihamishia kulia, nikaiweka mkononi mwake, akanywa yote bila kupumua. Nikamwambia dada wa zamu, akasema sawa, kesho yake iko kushoto, nikabandika karatasi ukutani MAJI YAWEKWE KULIA, wiki hiyo ikawa kulia, wiki ya pili stafu wapya wameingia, kushoto.

Wazee kiu huwa inapungua, mwili unakauka wao hawasikii, kwa hiyo kumwekea mtu maji ni kitu kimoja na kumnywesha ni kingine. Ukiwa unatembea kwenye korido hesabu glasi zilizojaa ambazo haziguswi, angalia zimewekwa wapi, angalia mtu anayetetemeka mikono amepewa kikombe cha aina gani. Jioni ile saa ya chakula tazama anayelishwa. Mhudumu amekaa au amesimama? Aliyesimama anaharakisha, na ukimlisha mtu ukiwa juu yake anainua shingo, chakula kinaweza kupita njia ya hewa. Ukiona mhudumu mmoja kasimama katikati ya wazee watatu anazungusha kijiko, huyu, huyu, huyu, wakati mwingine kijiko hicho hicho, jua saa ya chakula hapo ni ya kumaliza sahani tu.

Mdomo pia, kidogo tu. Meno ya bandia yanaoshwa? Ulimi uko vipi? Watu wanaona kupiga mswaki ni mambo ya usafi lakini Japani walifuatilia wazee kwenye vituo kwa miaka miwili, matokeo yakatoka 1999, waliosafishwa midomo vizuri walipata nimonia kidogo kuliko wengine. Wadudu wa mdomoni wanateremka kwenye mapafu. Mi nikichungulia mdomo wa mtu na nikakuta chakula cha jana sihitaji kuuliza maswali mengi.

Halafu mizani. Kila kituo kinatakiwa kiwe kinapima uzito, omba karatasi. Kushuka asilimia 5 ndani ya mwezi, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, ni alama ya hatari. Mzee wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi mtu alitakiwa awe ameshapiga simu kwa daktari na kwenu. "Wazee hupungua" sio jibu, wazee wana sababu za kupungua, meno yanauma, dawa inaua hamu ya kula, anashindwa kumeza, ana huzuni, au hakuna mwenye muda wa kumlisha.

Dawa ndo eneo ambalo ndugu wengi tunaogopa kuuliza tukidhani ni mambo ya wataalamu. Uliza. Ukifika saa nne asubuhi ukakuta ukumbi mzima wamelala kwenye viti, videvu vimegusa kifua, tivii inaongea peke yake, hiyo sio amani. Kuna dawa za magonjwa ya akili ambazo hupewa wazee wenye kusahau ili watulie, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2005 ilitoa onyo kali kabisa kwamba zile za kizazi kipya zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, 2008 wakaongeza na zile za zamani. Hazijapigwa marufuku na kuna mtu anazihitaji kweli, anayeona vitu vya kutisha au anayetaka kujiumiza. Lakini lazima kuwe na sababu iliyoandikwa, na tarehe ya kujaribu kuipunguza. Ukiambiwa "anapewa ya kumtuliza maana alikuwa anasumbua" uliza alikuwa anasumbua vipi, saa ngapi, na walijaribu nini kabla ya kidonge. Mara ngapi "kusumbua" ni mtu anataka kwenda chooni tu na hawezi kusema. Na mzee akibadilika ghafla, jana alikutambua leo anaongea vitu havieleweki, usikubali kuambiwa uzee umeongezeka, uzee hauongezeki kwa usiku mmoja. Mara nyingi ni mkojo una maambukizi, ni maji yamepungua, hajapata choo siku kadhaa, au kuna dawa mpya imeanzishwa. Waambie wapime.

Kuanguka nako kuna mtego wake. Meneja mmoja alituambia kwa fahari kubwa kwamba kwao hakuna mzee aliyeanguka mwaka mzima, mwenzangu akafurahi, mi nikashtuka. Wazee huanguka. Kituo ambacho hakuna anayeanguka kabisa ama hawaandiki ama hakuna anayeruhusiwa kusimama. Tukaingia ndani, kweli, kila mtu kiti kimesukumwa mpaka kwenye meza hawezi kutoka, wengine mikanda, vitanda vyote reli zimepandishwa. Reli zenyewe sio usalama hivyo, mtu aliyechanganyikiwa anapanda juu yake na akianguka anaanguka kutoka juu zaidi, au anabanwa kati ya reli na godoro. Na mtu aliyefungwa miguu inaisha nguvu, siku akifunguliwa ndo anaanguka vibaya. Afadhali anayekuambia "walianguka kadhaa, huyu tuligundua ni ndala, huyu alikuwa anakimbilia choo usiku tukaanza kumpeleka kabla hajalala." Huyo anafikiri.

Kengele jaribu mwenyewe. Ukiwa chumbani na mzee, ibonyeze, angalia saa. Usifanye siri, akija mwambie ulikuwa unaijaribu, samahani. Ila kabla hujabonyeza angalia iko wapi, maana mara nyingi imeanguka nyuma ya kitanda au imezungushwa kwenye reli upande ambao mkono wake haufiki, na hapo hata wakija kwa sekunde tano haimsaidii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndo kubwa kuliko hayo yote, na sijawahi kusikia mtu akiambiwa mapokezi.

Kituo kile cha kwanza shangazi hakuwa na hali mbaya sana, ukiacha maji. Nguo safi, nywele zimesukwa, kucha fupi. Sisi tulikuwa wengi, tunapokezana, leo mimi kesho dada, kaka mkubwa anapiga simu kila jioni anaongea na nesi kwa sauti yake ile. Wahudumu walitujua. Kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja hajawahi kuja mtu, haongei, anaangalia dari. Siku moja nikiwa nakata kucha za shangazi, ambazo wala hazikuwa ndefu, nikageuka nikaona mkono wa yule bibi umetoka nje ya shuka. Kucha zimejipinda zimeanza kuingia kwenye kiganja, maana vidole vilikuwa vimekunjamana hakuna anayevifungua. Nikajaribu kukifungua kiganja taratibu. Ndani ngozi imelowa, nyeupe, inanuka, kuna alama za kucha nne.

Hapo nikaelewa zile nywele zilizosukwa za shangazi zilikuwa za nani. Zilikuwa zetu, za kutuonyesha sisi. Huduma halisi ya kile kituo, ile inayotolewa wakati hakuna anayetazama, ilikuwa kwenye kile kiganja. Na shangazi alikuwa anaipata hiyo hiyo kuanzia sisi tukiondoka saa mbili usiku mpaka kesho yake.

Nikawaambia ndugu zangu na tukaanza kutafuta pengine. Kuhusu yule bibi niliongea na nesi mkuu, nikaandika na barua kwa mamlaka inayokagua vituo, wakaja. Kucha zilikatwa.

Kwa hiyo nikiingia kituo chochote sa hivi simwangalii mzee aliyekaa na wanawe. Natafuta asiye na mgeni, asiyeweza kuongea, aliyeko chumba cha mwisho mbali na meza ya manesi. Sifunui shuka za watu wala siingii bila hodi, mtu ana haki yake hata kama hajui umeingia, ila ukipita mlangoni ukampa mkono wa salamu unaona mengi. Midomo. Macho yana tongotongo au yamepanguswa. Kucha. Amevaa soksi zake au za mtu mwingine. Miwani iko usoni au kwenye droo, kifaa cha kusikilizia kiko sikioni na betri inafanya kazi? Wapo wengi wanaoambiwa wamechanganyikiwa kumbe hawasikii tu. Na sikiliza wahudumu wanamwitaje. Kituo kimoja niliwasikia "mmeshambadilisha yule wa dirishani?" na yule wa dirishani yuko hapo hapo, anasikia. Kingine dada anaingia anapiga hodi, anamwita mzee kwa jina lake na cheo chake, mwalimu, habari za asubuhi, naomba nikugeuze sasa, naanza na mguu wa kulia, na mwalimu mwenyewe wala hajibu, hajaongea siku nyingi. Hapo sikuuliza kitu kingine kwenye ile korido.

Wahudumu ukipata nafasi ongea nao pembeni, sio kuwachongea, waulize tu umefanya kazi hapa muda gani, mwenzako aliyekuwepo kabla yako alienda wapi. Kama kila unayemuuliza ni mwezi mmoja, miezi miwili, basi ile karatasi yangu ya MAJI YAWEKWE KULIA itakuwa inasomwa upya kila mwezi na mgeni. Kumjua mzee asiyeongea kunachukua muda, kwamba akikunja kidole hiki anataka choo, kwamba akikataa chakula mpe baada ya nusu saa atakula. Stafu wakiondoka wanaondoka nayo hayo. Na angalia meneja anavyoongea nao. Anayemfokea mhudumu mbele ya wageni, fikiria mhudumu anafokea nani akibaki peke yake.

Ripoti za ukaguzi kama zipo zisome, Uingereza kwa mfano wana tume inayoitwa CQC inavipa vituo daraja, kuanzia bora kabisa mpaka kisichofaa, na wanachapisha kila mtu asome. Ila usisome daraja tu. Mi natafuta kosa linalojirudia. Kituo kukutwa na kosa sio ajabu, kukutwa na lile lile ukaguzi tatu mfululizo, na kila mara wameandika "limerekebishwa", hiyo ni tabia. Angalia pia tarehe, ripoti ya kabla meneja hajabadilika inaongelea kituo kingine kabisa.

Ukishamweka mzee na ukaona tatizo, usimwage hasira kwa dada wa usafi aliyepita karibu. Andika tarehe na saa, umeona nini, sio unahisi nini, "saa 10 jioni pampasi imejaa, shuka limelowa mpaka mgongoni" inafanya kazi kuliko "hamumjali mama yetu". Mtafute nesi wa zamu, uliza mpango wake wa huduma unasemaje, waandike jibu lao, urudi uangalie.

Swali la mwisho huwa namwachia meneja tukiwa tunaondoka, amesharelaksi. Nieleze kitu kilichoharibika hapa mwezi uliopita. Wengi wanacheka, "hapa kwetu tunashukuru Mungu hakuna." Meneja wa kile kituo cha pili hakucheka. Alifungua daftari akasema wana wazee wawili majina yao yanafanana, wakakaa meza moja, dawa ya presha ya mmoja akapewa mwingine. Waligundua baada ya muda mfupi, wakampima presha usiku kucha, wakawapigia ndugu zake jioni ile ile, sasa hivi hawakai meza moja na kila mmoja ana picha yake kwenye karatasi ya dawa. Akanigeuzia daftari nisome, majina ameyafunika kwa kiganja.

Tulimhamishia huko. Wiki za kwanza alikuwa hoi, halali, analia, ananiuliza nyumbani tunaenda lini, dada akawa ananiambia tumeharibu turudi kule. Mtu mwenye kusahau ukimhamisha anavurugika hata kama unampeleka pazuri, kwa hiyo siku hizo za mwanzo mimi furaha yake sikuipima, niliangalia visigino, midomo na mizani. Mizani ilishuka kilo moja mwezi wa kwanza. Simu ya kutuambia ilitoka kwao kabla hatujauliza.